Ijumaa Iliyoandikwa Jumatano

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano, Gerson alishuka ngazi za jengo la mapokezi la hospitali kinyumenyume.

Ngazi zilikuwa sita. Alishika bomba la pembeni, akateremsha mguu wa kulia ukiwa umenyooka, kisha wa kushoto ukafuata. Alifanya hivyo mara sita. Alipofika chini alitazama huku na huku kuona kama kuna aliyemwona, akanyoosha shati, akaelekea chumba cha mazoezi akitembea kama mtu asiye na shida yoyote.

Bernadina alikuwa dirishani. Yeye ndiye mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akilitibu goti hilo, ingawa wagonjwa walizoea kumwita daktari wa mazoezi. Kwa mujibu wa daftari la mazoezi la Gerson, kushuka ngazi hakukuwa na maumivu kwa siku tisa mfululizo.

Aliondoka dirishani, akakaa mezani, akafungua faili.

"Hodi, daktari."

"Karibu. Umeamkaje?"

"Salama kabisa. Mzee Modesti, shikamoo."

"Marahaba, fundi." Modesti, mtaalamu mwenzake Bernadina, alikuwa meza ya pili, mita mbili kutoka pale, akimnyoosha bega bibi mmoja kutoka Bagara. "Leo ndiyo unahitimu, nasikia."

"Daktari akipenda."

Gerson alisema hivyo akimtazama Bernadina. Alikuwa na namna ya kutazama bila haraka, kama anavyotazama sakafu kabla ya kuweka kigae cha kwanza. Kwa wiki sita Bernadina alikuwa ameshindwa kuizoea. Leo aliinamisha macho kwenye karatasi.

Gerson alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa marumaru wa Bonga. Miaka kumi ya kupiga magoti kwenye sakafu za watu ilimletea maumivu mbele ya goti la kulia, nyuma ya pia ya goti. Yalimshika akishuka ngazi, akichuchumaa, na akikaa muda mrefu. Picha haikuonyesha ubovu wa mfupa. Dawa yake ilikuwa mazoezi ya misuli ya paja na nyonga, wiki kumi na mbili. Wiki ya tatu, akiwa amelala ubavu na mguu hewani, alimwambia Bernadina kwamba anampenda.

Bernadina hakukataa. Alimwambia, "Mtu aliye kwenye orodha yangu ya wagonjwa simpi jibu la namna hiyo. Siku nitakapofunga faili lako, niulize tena."

Kisha akamweleza masharti, kwa kuwa alipenda mambo yaeleweke: faili lingeweza kufungwa hata kabla ya wiki kumi na mbili iwapo maumivu yangekuwa chini ya mbili kati ya kumi kwa wiki mbili mfululizo, na iwapo angeweza kushuka kwenye kistuli bila kukunja uso. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupima.

"Daftari," alisema.

Gerson alimpa. Jedwali lilikuwa limechorwa na Bernadina mwenyewe kwa rula: tarehe, zoezi, idadi, maumivu wakati wa zoezi, maumivu asubuhi iliyofuata. Tarakimu zilikuwa zimeteremka kwa utaratibu mzuri. Nne, tatu, tatu, mbili, mbili, moja, moja. Bernadina alizifurahia tarakimu hizo wiki baada ya wiki, na hakuwahi kujiuliza kwa nini zote zina wino mmoja.

Sasa alizisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

"Tarehe kumi na sita ni lini?"

"Ijumaa." Gerson alitabasamu. "Daktari, leo unapima na akili?"

"Ijumaa umeinua mguu mara kumi na mbili, seti tatu. Maumivu moja. Jumamosi asubuhi umeamka bila maumivu yoyote." Alimgeuzia daftari. "Hongera."

Tabasamu la Gerson liliisha.

"Mjukuu wangu," yule bibi wa Bagara aliuliza, "huyo kijana ni mtabiri?"

"Bibi, inua mkono," Modesti alisema. "Ya meza ile tuyaache kwenye meza ile."

Bernadina alichukua futi ya kitambaa. "Lala."

Alipima paja la kulia, sentimita kumi na tano juu ya pia ya goti, pale pale alipopima siku ya kwanza. Siku ya kwanza lilikuwa arobaini na saba. Leo lilikuwa arobaini na sita. Alipima tena. Arobaini na sita.

"Mazoezi uliyafanya mara ya mwisho lini?"

"Ukweli?"

"Sijakuomba kitu kingine."

"Wiki ya pili." Gerson alikaa kitandani. "Yaliuma. Halafu nikapata kazi Bonga, nyumba nzima marumaru, na mwenye nyumba ana haraka. Jioni goti linawaka moto. Nikasema ngoja nilipumzishe kwanza, likitulia nitaendelea. Nikilipumzisha linatulia. Nikipiga magoti, tunarudi pale pale."

"Nilikwambia ukiumia mpaka tatu, endelea. Ukizidi tatu, punguza. Sikusema uache. Pia ya goti inashikiliwa na misuli, na misuli haikui kwa kulala."

"Uliniambia."

"Basi kwa nini hukuandika kwamba umeacha? Ungeandika saba ningejua la kufanya."

"Ungeongeza wiki."

"Ndiyo, ningeongeza."

"Ndiyo maana nikaandika moja." Gerson alipunguza sauti. "Watu wa Vicent wanaleta barua ya posa kwenu Jumapili hii. Faili langu lilikuwa lifungwe mwezi ujao. Ningesubiri nini, Dina?"

"Usiniite Dina hapa."

"Ningesubiri nini, daktari?"

Bernadina alikunja futi. Vicent alikuwa na duka la pembejeo mjini, na alikuwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumtaja kwa ubaya. Bernadina aliposema nyumbani kwamba kuna mwingine anayempenda, Mlutheri, baba yake alisema, "Aje kanisani kwetu tumwone." Gerson alikwenda Jumapili iliyopita.

"Na kanisani?" Bernadina aliuliza. "Baba anasema ulikaa wakati wa mageuzo, watu wote wakiwa magotini."

"Nilikuwa nimetoka kupiga magoti siku sita kwenye saruji. Ningepiga na ya saba nisingeinuka."

"Anaona umedharau."

"Najua. Usimwambie."

"Habari za mgonjwa hazitoki humu bila idhini yake. Nipe idhini, nitamwambia leo."

"Sitoi. Akisikia fundi wa magotini hana goti, atasema sifai kuoa hata kuku." Gerson alisimama, akauma meno kidogo, akasimama sawasawa. "Nimekosa, sikatai. Lakini na mimi nikuulize. Mzee Modesti yule pale. Siku niliyokwambia nakupenda ungempa faili langu siku hiyo hiyo, mambo yakaisha. Ungekuwa umeshanijibu wiki tatu zilizopita. Kwa nini hukumpa?"

Jibu Bernadina alikuwa nalo. Hospitali ilikuwa na wataalamu wawili, meza zilikuwa mita mbili, na fomu ya kuhamisha mgonjwa ilikuwa ya ukurasa mmoja. Hakuijaza kwa sababu Gerson angekuwa mgonjwa wa mtu mwingine, na yeye Bernadina asingekuwa na haki ya kumgusa goti wala kumsubiri. Aliliita jambo hilo utaratibu. Halikuwa utaratibu.

Alivuta droo, akatoa fomu, akaijaza bila kuinua kichwa. Alipofika sehemu ya sababu aliandika: *Maslahi binafsi ya mtaalamu.* Akasaini.

"Kuanzia leo wewe ni mgonjwa wa Modesti. Unaanza upya, wiki ya kwanza. Ijumaa, saa tatu."

"Ndilo jibu langu hilo?"

"Hilo ni faili."

Gerson alichukua kofia yake. Akatoka. Saa iliyokuwa ukutani ilionyesha saa nne kamili.

Modesti alikuja akaichukua fomu, akaisoma, akaikunja mara mbili. "Dada," alisema, "miaka kumi na minane niko kazini, sijawahi kuona mtu akijishtaki kwa mwandiko mzuri hivi."

*

Saa kumi na moja na robo jioni Bernadina alifika nyumbani, Nangara. Baba yake, mzee Damasi, alikuwa sebuleni. Mama yake, Marietha, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamooni."

"Marahaba. Kaa," baba alisema. "Mzee Sosthenes amepiga simu, mshenga wa Vicent. Wanataka kuleta barua Jumapili baada ya misa ya pili. Nimemwambia nitamjibu leo kabla ya giza."

"Na Gerson?"

"Gerson nimeshamwona."

"Umemwona mara moja, baba."

"Mara nyingi. Mimi niko kamati ya ujenzi ya parokia, au umesahau? Tulipoweka marumaru ukumbini, kijana huyo alikuwa magotini wiki tatu, asubuhi mpaka jioni. Nikampenda, nikasema huyu ni mchapakazi. Jumapili kengele inalia, kanisa zima liko chini, watoto chini, vikongwe chini. Yeye amekaa, mguu ameunyoosha kwenye njia kama yuko stendi anasubiri basi la Arusha. Kwa hiyo saruji anaipigia magoti, Mungu hampigii."

"Huenda ana sababu."

"Ipi?"

Bernadina alitazama maharage.

"Nakuuliza, ipi?"

"Sina ruhusa ya kusema."

Mama aliweka ungo mapajani. "Ruhusa ya nani tena, mwanangu? Humu ndani si sisi tu?"

"Hata humu ndani, mama."

"Angeniambia mapema kwamba kwao wanaona vibaya kupiga magoti kanisani kwetu, ningeelewa," baba alisema. "Nimeishi na Walutheri miaka yote, ni watu wema. Lakini huyu alikuja kunionyesha."

Bernadina alikuwa na sentensi moja ambayo ingemaliza mashtaka yote hayo. Aliifunga mdomoni. Mama yake alimtazama kwa muda, akayatazama mapaja yake ambako Bernadina alikuwa ameweka mikono, akaona jinsi vidole vilivyoshikana, akarudi kwenye maharage.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi mtu alipiga hodi. Alikuwa Gerson, amevaa shati lile lile la asubuhi.

"Mzee, shikamoo. Mama, shikamoo."

"Marahaba," baba alisema. "Mshenga wako yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu. Sijaleta posa, nimeleta maelezo."

"Kaa basi."

"Nikikaa sana linauma. Naomba nisimame."

"Kinauma nini?"

Gerson alishika goti la kulia. "Hili, mzee. Miezi minne sasa. Jumapili sikupiga magoti kwa sababu nisingeweza kuinuka mbele ya watu wote wale. Dina alikuwa anajua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ananitibu, na mimi nilimkataza asikwambie. Sasa nimempa ruhusa. Mwulize lolote."

Mama alisema, "Yesu na Maria," kwa sauti ndogo.

Baba alilitazama goti hilo. Kisha akauliza, "Umesema alikuwa anakutibu. Sasa?"

"Leo ameniondoa kwake."

"Kwa nini?"

"Nilimwandikia uongo. Aliniambia nifanye mazoezi, sikufanya, nikaandika nimefanya."

"Sasa umekuja kuomba nini?"

"Sijaja kuomba, mzee. Nimekuja ili usinichukie kwa kosa ambalo sikufanya. Nimefanya hilo lingine."

Baba alimpima kwa macho kutoka kichwani mpaka viatuni. "Una miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Mimi sitini na sita. Shamba langu lote ni mteremko, na naushuka kila siku na dumu la maji. Wewe kazi yako ni magoti, na goti huna. Mwanangu utamtunza kwa nini?" Hakusubiri jibu. Alimgeukia Bernadina. "Wewe ndiye uliyesoma. Litapona?"

Gerson alimtazama Bernadina. Hakuficha alichokuwa anaomba. Bernadina alikiona vizuri, kama alivyoona ngazi sita asubuhi.

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Wengi hupata nafuu wakifanya mazoezi wiki kumi na mbili bila kuruka. Si wote. Wengine hupata nafuu, kisha linawarudia. Kazi ya magotini inabidi aipunguze, akalie kigoda kifupi, abadilishe mguu. Akifanya hivyo ana nafasi nzuri. Zaidi ya hapo nitakuwa nabuni."

"Na atafanya?"

"Mara ya kwanza hakufanya."

"Dina!" mama alisema.

"Amesema kweli, mama," Gerson alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alivaa kofia. "Mzee, nashukuru umenisikiliza. Usiku mwema."

Alitoka. Walisikia kokoto zikilia chini ya viatu vyake, hatua moja nzito, moja nyepesi, mpaka zikaisha.

"Umeona?" baba alisema. "Hata wewe mwenyewe humwamini. Haya, nimjibu nini Sosthenes?"

"Mwambie wasije."

"Wasije?"

"Ndiyo, baba."

"Vicent ni mzima wa miguu yote miwili. Ni Mkatoliki, ana duka. Huyu hujui atapona wala atafanya unachomwambia, na umelisema hilo mbele yake. Mimi sikulazimishi. Lakini nipe sababu ya kumwambia mtu mzima mwenzangu asije. Sababu, si mambo ya moyo."

Bernadina alifikiri. Alitaka kutoa kitu ambacho kingeweza kuhesabiwa.

"Koti la kazi nalipiga pasi jioni, kwa ajili ya kesho yake," alisema. "La Jumatatu nalipiga mara moja. La Jumanne, mara moja. La Jumatano, mara mbili. La Alhamisi, mara moja. La Ijumaa, mara mbili. Nimefanya hivyo wiki sita, na nimegundua leo. Jumatano na Ijumaa ndizo siku alizokuwa anakuja. Vicent nimekutana naye mara nne. Sikumbuki hata mara moja nilikuwa nimevaa nini."

Mama aliinamia ungo. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

"Hiyo ndiyo sababu?" baba aliuliza.

"Ndiyo niliyo nayo. Ningekuwa na kubwa zaidi ningekupa."

Baba alichukua simu akatoka uani. Sauti yake iliingia kupitia dirisha. "Mzee Sosthenes, habari za jioni... Salama... Jumapili msije... Hapana, hakuna msiba... Hapana, hatujapokea barua ya mwingine... Ni mtoto mwenyewe... Nakuelewa, na mimi naona aibu kama wewe."

Aliporudi aliweka simu juu ya meza, uso chini. "Nimesema hatujapokea barua nyingine, na ni kweli. Huyo kijana akileta barua kesho siipokei. Unanisikia?"

"Nakusikia, baba."

"Nimemwaibisha mzee mwenzangu kwa sababu ya pasi," baba alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Bernadina alivaa sweta, akatoka.

Gerson alikuwa bado barabarani, ameegemea nguzo ya umeme kwa bega, mguu wa kulia umenyooshwa mbele. Jua lilikuwa limeshazama. Alimwona akija, wala hakusogea.

"Umefuata nini? Kuna kingine ulisahau kumwambia?"

"Nimesema ninachokijua."

"Ungesema tu litapona. Neno moja, Dina. Nilikuwa nimesimama pale mbele ya baba yako bila kitu mkononi."

"Ningekuwa na tofauti gani na daftari lako?"

Gerson aligeuza uso akatazama barabara. Bernadina alisimama hatua mbili kutoka kwake na hakuzipunguza, ingawa alitaka.

"Watu wa Vicent hawaji Jumapili," alisema.

Gerson alimgeukia taratibu. "Mzee amenikubali?"

"Hapana. Amesema ukileta barua kesho haipokei."

"Kesho?"

"Kesho."

"Na wiki ya kumi na mbili?"

"Hakusema chochote kuhusu wiki ya kumi na mbili. Na mimi sitakuongezea maneno ambayo hakuyasema."

"Nani amewakataza akina Vicent?"

"Mimi."

Gerson alimtazama kwa namna ile yake isiyo na haraka. "Tangu saa nne asubuhi wewe si daktari wangu," alisema. "Swali langu liko pale pale."

"Nina hasira na wewe, Gerson."

"Kati ya sifuri na kumi?"

"Nane."

Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea kipimo na kukikubali. "Na lile jingine?" aliuliza. "Lenyewe ni ngapi?"

Bodaboda ilitokea kwenye kona, ikapunguza mwendo. "Bosi, tunaelekea wapi?"

"Bonga."

Gerson alipanda nyuma kwa shida, akitanguliza mguu wa kushoto. Bernadina alizimaliza zile hatua mbili, akashika kisigino cha kiatu chake cha kulia, akakisogeza mbele kwenye chuma cha kukanyagia mpaka goti likawa limelegea. Mkono wake ulibaki pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Dada, twende au tusiende?" dereva aliuliza.

Aliuondoa mkono.

Bodaboda iliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Kabla ya kona, Gerson aligeuka nyuma mara moja.